Huzuni Ikigeuka Maradhi

(Darsa iliyosomwa mbele ya ndugu wa chama chetu cha masomo baada ya sala ya Isha, yachapishwa hapa kwa faida ya wasiohudhuria.)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mngu, aliyeumba mwili na nafsi, akajaalia kila kimoja kina siha yake na maradhi yake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya haya, ndugu zangu Waislamu. Mtu akivunjika mguu katika mji wetu, hapana amwambiaye kwamba mguu wake umevunjika kwa uchache wa imani. Mtu akishikwa na homa, jamaa zake humpeleka kupimwa damu, na hapana amwambiaye asali mpaka homa imtoke. Lakini mtu akishikwa na maradhi ya huzuni, akawa halali wala hali, hacheki na watoto wake, hana haja na kazi wala na watu, hapo kila mmoja wetu huwa kadhi juu yake. Huyu husema ni mvivu. Yule husema ana jini. Na wa tatu, naye ndiye mwenye kujiona mtu wa dini, husema imani yake ni dhaifu. Wote watatu wametoa hukumu, na hapana hata mmoja aliyemuuliza mgonjwa.

Mimi nisemaye haya nalikuwa yule wa tatu. Kwa hivyo sikilizeni kisa hiki, kwani nakisimulia kwa kuikiri khatia yangu, wala si kwa kutaka kuwacheka wengine.

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa mji wetu, mwenye umri wa miaka arubaini na kidogo, alihamia Sori kwa biashara. Sori ni mji mdogo ulio ufuoni mwa ziwa la Victoria, katika ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo, na kazi yao kubwa ni uvuvi. Omena, ambao sisi twawaita dagaa, huvuliwa huko usiku kwa mwangaza wa taa, katika siku za giza. Kisha huanikwa juu ya nyavu na mchanga, zikaenda gunia kwa gunia mpaka miji ya mbali. Ndugu yetu alifungua duka la kamba, nyavu na taa. Mambo yake yakawa mazuri. Jina lake silitaji, na idhini ya kusimulia amenipa mwenyewe.

Mwaka uliopita, bila ya kufiwa na mtu na bila ya kupata khasara, alianza kubadilika. Akawa aamka saa tisa za usiku wala usingizi haumrudii. Chakula kikawa hakina ladha mdomoni mwake. Mwili ukamwisha. Alilalamika kichwa, na tumbo kuwaka moto, na moyo kwenda mbio. Alikwenda kwa mwenye duka la dawa mara tatu: mara ya kwanza akapewa vidonge vya malaria, mara ya pili vya homa ya matumbo, na mara ya tatu akadungwa sindano za vitamini. Asipone. Akawa afungua duka saa nne, kisha saa sita, kisha hafungui. Sala za jamaa akaziwacha, na sala za peke yake akawa azisali kwa uzito mkubwa, huku akijiambia kwamba hazikubaliwi.

Khabari zikafika huku kwetu. Mama yake mzazi, kwa mapenzi ya mama, alikwenda kwa mganga. Yule mganga akapiga ramli, akasema kwamba mwanawe ameingiliwa na jini la ziwani, na kwamba yatakikana mbuzi mweusi na kafara. Yule mama akauza bangili yake ya dhahabu. Mbuzi akaliwa, fedha zikaenda, na mgonjwa akabaki vile vile.

Mimi nalimwonya yule mama kwamba amekwenda kwa mtu mwongo, na katika hilo nalikuwa nimesema haki. Walakini tazameni nalilofanya baadaye. Nalimpelekea ndugu yetu maneno kwa simu, nikamwambia kwamba Muislamu wa kweli hahuzuniki namna hii. Kwamba amemsahau Mola wake ndipo na moyo wake ukamdhikika. Na kwamba dawa yake ni kuacha uvivu na kuzidisha nyiradi. Nikajiona nimetoa nasaha. Hakunijibu.

Siku chache baada ya maneno yangu kumfika, alitoka nyumbani usiku wa manane akaenda ufuoni, na nia yake haikuwa nzuri. Mwenyezi Mngu alitaka usiku huo uwe wa mbaamwezi. Mbaamwezi ikiwa kali wavuvi wa omena hawaingii ziwani, kwani taa zao hazifai kitu. Basi baadhi yao walikuwa wamekaa karibu na madau yao wakishona nyavu. Mmoja wao, mtu mzima wa Kijaluo, asiyekuwa Muislamu, alimwona mtu huyu amesimama peke yake, akamjongelea, akamwambia, "Mzee, njoo uketi hapa nasi." Akaketi naye mpaka alfajiri. Hakumpa waadhi. Aliwaambia wenziwe kwamba mtu huyu ana kuyo, na kuyo kwa lugha yao ni huzuni. Kulipokucha akamshika mkono akampeleka zahanati.

Huko muuguzi alimpima joto, akamtazama macho na ulimi kama ana upungufu wa damu, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye. Akamuuliza kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi. Akamuuliza kama yale aliyokuwa akiyapenda bado ayapenda. Ndugu yetu akamjibu, "Sista, hata mwanangu mdogo akinipigia simu, sauti yake naiona mzigo." Kisha yule muuguzi akamuuliza waziwazi, kwa sauti ya upole, kama amefikiri kujiua. Hapo mtu mzima yule akalia.

Nalipomzuru baadaye aliniambia neno ambalo sitalisahau. Alisema, "Shekhe, nyinyi nyote mliniambia. Yeye peke yake aliniuliza."

Ndugu zangu, neno hili lilinikumbusha kisa alichokipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir, Mwenyezi Mngu amuwie radhi. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Kisha akawa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei rukhsa, kwani maji yapo. Akaoga akafa. Khabari hiyo ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alikasirika, akahisabu kwamba wao ndio waliomuua, akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, akawafahamisha kwamba kutojua ni maradhi ambayo tiba yake ni kuuliza.

Zingatieni. Watu wale hawakuwa makafiri wala wachawi. Walikuwa watu wema waliotaka kuihifadhi sharia. Waliua kwa kuwa walitoa hukumu ya dini juu ya jeraha wasilolijua. Mimi na ujumbe wangu wa simu tulikuwa na khitilafu gani nao? Khitilafu ni moja tu: jeraha lao lilikuwa laonekana, na letu lilikuwa halionekani, na mgonjwa wao alikufa, na wetu Mwenyezi Mngu alimwokoa kwa mkono wa mvuvi.

Basi tuuondoe kwanza uwongo huu wa kwamba mwenye imani hahuzuniki. Nabii Yaakub alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii, na subira yake yasifiwa katika Kitabu. Bibi Maryam, katika uchungu wa uzazi na upweke, alitamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Mwaka aliofiwa Mtume wetu na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, wanavyuoni wa sira wameuita mwaka wa huzuni. Naye alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni, na mtu haombi kukingwa na kisichoweza kumpata. Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba mfiwa alikuwa akipikiwa talbina, nao ni uji wa shayiri, kwa kuwa Mtume ameeleza kwamba waupumzisha moyo wa mgonjwa na kumwondolea baadhi ya huzuni. Yaani huzuni yake ilitafutiwa dawa ya mwili, wala hakuambiwa asome tu.

Na hayo ni juu ya huzuni yenye sababu. Ama huzuni isiyokuwa na sababu ya kuonekana, nayo wanavyuoni wetu waliitambua zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na mwaka 850 akafa 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aligawanya huzuni mafungu mawili. Moja ni ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupotelewa na mali. La pili ni ile inayomkaa mtu bila ya sababu aijuayo, ikamzuia kufurahi na kufanya kazi. Na hiyo akasema asili yake imo mwilini, na yatakikana itibiwe pia kwa dawa za mwili. Na huko Kairo, hospitali ya Sultan Qalawun iliyokamilika mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa kutibiwa wagonjwa wa akili. Hao ndio waliotutangulia. Vipi basi sisi, baada ya miaka elfu na zaidi, twarudi nyuma mpaka kwa mbuzi mweusi?

Sasa tuyajue maradhi yenyewe. Kwa Kiswahili yaitwa sonona. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikisia kwamba mwaka 2019 watu milioni 280 duniani walikuwa nayo, na wanawake kuliko wanaume. Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua, na sonona ni moja katika sababu zake kubwa. Kwa hivyo haya si mambo ya Wazungu, wala si ya matajiri, wala si ya watu wasiosali. Katika msikiti wowote uliojaa siku ya Ijumaa, aghlabu hapakosi mwenye nayo, naye ameketi kimya katika safu.

Dalili zake ni hizi. Mbili ndizo za msingi: huzuni isiyoondoka, na kutopendezwa na yale ambayo mtu alikuwa akiyapenda. Pamoja nazo huja kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula au kula kupita kiasi, uchovu, kujiona hafai na kujilaumu, kutoweza kukusanya fikra, uzito wa mwendo na maneno, au kinyume chake, kutotulia, na kufikiri mauti. Kama moja ya zile mbili ipo, na nyingine katika hizi zimekusanyika nayo, zikadumu muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mpaka zikamzuia mtu na kazi yake na watu wake, basi hiyo si hali ya kupita. Hayo ni maradhi.

Lakini jihadharini na jambo moja, kwani ndilo lililompoteza ndugu yetu. Mara nyingi mgonjwa wa sonona haji akasema, "Nina huzuni." Huja akasema kichwa chaniuma, mgongo wanivunjika, tumbo lawaka, mwili hauna nguvu, moyo wanipapa. Wanaume khasa husema hivi, kwa kuwa kwetu mwanamume huona aibu kusema amehuzunika, wala haoni aibu kusema amechoka. Basi mtu akirudi kwa mwenye dawa mara ya pili na ya tatu na maumivu yale yale, na vipimo havikuonyesha kitu, ni wajibu aulizwe khabari za usingizi wake na moyo wake kabla ya kudungwa sindano ya tatu. Sindano za vitamini haziponyi sonona. Hizo hupunguza fedha tu.

Kuna orodha ya masuali tisa iliyotangazwa mwaka 2001, nayo imefasiriwa kwa Kiswahili. Kila suali hupewa hisabu kuanzia 0 mpaka 3, na jumla yake ni 27. Aliyefikia 10 na kuendelea hutakikana achunguzwe kwa makini. Masuali mawili ya mwanzo ni yale yale aliyoulizwa ndugu yetu. Mtu awezaye kuuliza masuali mawili kwa upole, na kungoja jawabu, ameshika ufunguo wa mlango.

Hapa wengi hukosea njia. Wao wakisikia maradhi ya akili, hapo hapo hufikiri Mathari huko Nairobi, iliyofunguliwa kuwa nyumba ya wendawazimu mwaka 1910. Au wadi ya Port Reitz. Au Kidongo Chekundu ya Unguja. Basi huogopa, wakamficha mgonjwa. Hospitali hizo zina kazi yake, na wapo wagonjwa wanaozihitajia. Lakini sonona kwa wingi wake yatambulikana na yatibika katika zahanati na kituo cha afya cha mtaani. Mwaka 2008 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mpango makhsusi wa kuwafunza wauguzi na matabibu wa kawaida kazi hii, kwa kuwa madaktari wakubwa wa akili ni wachache mno katika nchi zetu.

Tiba yake ni ya namna mbili, nazo husaidiana. Ya kwanza ni mazungumzo yenye utaratibu. Mgonjwa huelezwa kwamba haya ni maradhi, hayakuletwa na uvivu wake, na kwamba hupona. Husaidiwa kuzifungua shida zake moja moja, na kurudia mambo yake kidogo kidogo. Ndugu yetu aliambiwa afungue duka saa moja tu kila asubuhi, atembee mpaka ufuoni mchana pamoja na mwenzi, na asali sala moja kwa siku pamoja na wenziwe. Saa moja ikawa mbili, na sala moja ikawa tatu.

Msidharau mazungumzo haya mkayaita porojo. Mwaka 2002, katika vijiji thalathini vya Rakai na Masaka huko Uganda, ng'ambo ya ziwa hilo hilo la Sori, wagonjwa walikusanywa vikundi vikundi, mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa muda wa wiki mbili tu, wala hawakuwa madaktari. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2003. Katika waliokaa vikundini, waliobaki na sonona kubwa hawakufika 7 katika kila 100. Na katika wasiopata vikundi, walikuwa zaidi ya 50 katika kila 100. Vile vile huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya wakae juu ya bao nje ya zahanati, wawasikilize wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulithibitisha faida yake. Je, sisi hatuna akina bibi? Hatuna baraza?

Ya pili ni vidonge. Mwenye sonona khafifu aghlabu hahitajii vidonge, wala aliyefiwa juzi hapewi vidonge kwa kilio chake tu. Lakini sonona ikiwa ya kati au kali, zipo dawa kama fluoksetini na amitriptilini. Kabla ya kuzitoa, mwenye kutibu huangalia kama mtu ana upungufu wa damu, au maradhi ya tezi, au anywa ulevi, au kuna dawa nyingine aitumiayo imletayo hali hiyo. Huuliza pia kama aliwahi kupatwa na siku za furaha ya kupindukia, akawa halali wala hachoki na atupa mali ovyo. Kwani huyo maradhi yake ni mengine, na dawa hizi peke yake zaweza kumdhuru. Msinunue dukani bila ya kupimwa.

Na mjue kwamba dawa hizi si kama za kichwa. Huanza kufanya kazi baada ya wiki nne mpaka sita, na katika siku za mwanzo mtu aweza kuona tumbo kuchafuka au kuhangaika kabla ya kuona nafuu. Wengi huziacha hapo, wakasema hazifai. Akipona, huendelea nazo miezi tisa mpaka kumi na mbili kwa shauri la mwenye kumtibu, kisha hupunguziwa kidogo kidogo. Hakuziacha ghafla, wala hakuzigawa kwa jirani. Na mwenye kufikiri kujiua asikabidhiwe chupa nzima. Dawa iwekwe na jamaa yake, apewe kwa kiasi.

Sasa nayajibu masuali niliyoulizwa.

Suali: Je, dua na Kurani zaachwa? Jawabu: La hasha. Dua ni silaha ya Muislamu, na kusomewa kwa njia ya sharia kwafaa. Lakini Mtume wetu ameamrisha kujitibu, akaeleza kwamba Mwenyezi Mngu hakuteremsha maradhi illa ameyateremshia dawa. Aliyechukua dawa huku aomba ameshika yote mawili. Aliyemnyima mgonjwa dawa kwa jina la dua ameshika moja, akaliweka mahali pa lingine.

Suali: Je, dawa hizi hulevya? Jawabu: Hazilevyi, wala mtu hawi mtumwa wake kama awavyo wa ulevi. Wala mtu hazitumii kwa kustarehe. Hutumia ili apate kuamka, ale, na asali kama watu.

Suali: Na Ramadhani? Jawabu: Fluoksetini kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, basi muulize mwenye kukutibu kama yafaa kuihamishia wakati wa daku. Na mgonjwa ambaye saumu yamdhuru ana rukhsa. Asiyefaa ni yule azikataye dawa zake mwenyewe kwa kuwa mwezi umeandama.

Suali: Kumuuliza mtu khabari ya kujiua si kumfunza? Jawabu: Sivyo. Walioichunguza kazi hii wameona kwamba kuuliza kwa upole hakumtii mtu fikra hiyo, bali humpunguzia uzito wake. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Viondolewe karibu naye vya kujidhuru. Na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Suali: Je, sharia ya nchi haimshiki? Jawabu: Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sharia ya Jinai ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na kwa khofu yake jamaa waliwaficha wagonjwa wao. Mwezi wa Januari 2025 Mahkama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Kujiua katika dini yetu ni haramu kubwa, na hapana abishaye. Lakini kwa kuwa ni haramu kubwa ndipo ikawa wajibu mkubwa kumzuia mtu asifike huko. Na mgonjwa huzuiliwa kwa tiba, hazuiliwi kwa matukano.

Basi, ndugu zangu, ni lipi litakiwalo kwetu? Kwa mwenye nyumba: ukimwona mkeo, au mumeo, au mzazi wako amebadilika wiki mbili, usimwambie kitu kwanza. Muulize, kisha unyamaze usikie. Kisha ufuatane naye zahanati, usimtume peke yake, kwani mgonjwa huyu hana nguvu ya kungoja katika safu. Kwa imamu na mwalimu: ujueni mpaka wa ilimu yenu, na muwe na jina la muuguzi au tabibu mmoja wa kumpelekea mtu. Kwa wauguzi na matabibu wa mji wetu: najua wagonjwa wenu ni wengi na saa zenu ni chache, lakini masuali mawili hayachukui dakika mbili, na huenda yakawakinga na sindano kumi zisizokuwa na faida. Na kwa wale walao bangili za akina mama kwa jina la majini: mtaulizwa, hapa duniani na kesho akhera.

Ndugu yetu yuko Sori hata leo. Wiki ya tano alilala usiku kucha, akapiga simu kumwambia mama yake kana kwamba amepata mali. Duka lafunguliwa asubuhi. Vidonge vyake aviendeleza kama alivyoagizwa. Yule mvuvi hupita kwake kila siku za mbaamwezi, wakakaa barazani.

Mimi nalikwenda Sori kumwomba radhi, naye akanisamehe. Nalitaka pia kumshukuru yule mvuvi kwa jambo alilolifanya, naye akastaajabu, akasema yeye hakufanya kitu, aliketi tu. Ndugu zangu, mimi nimesoma miaka mingi, na usiku ule sikujua kuketi.

Ewe Mola wetu, tuponyeshee wagonjwa wetu, wanaoonekana na wasioonekana. Utupe ilimu ya kusema, na adabu ya kunyamaza pale tusipojua, na moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.